Sheria ya gunia pekee haitamwokoa mkulima wa viazi

Msimu wa mavuno unapowadia katika nyanda za juu za Nyandarua, Molo, Bomet na Meru, mambo huwa ni yale yale. Lori husimama kando ya barabara ya matope, vijana wakashuka na majembe na magunia matupu, naye dalali akamtajia mwenye shamba bei iliyokwisha kuamuliwa kwingine. Jua linapotua, viazi vimechimbwa na kupakiwa, na juu ya kila gunia pameshonewa wavu uliojazwa hadi gunia likafanana na mtu aliyejifunga kilemba.

Kichwa hicho cha ziada ndicho kilicholipa gunia hilo jina la mukorino, kwa kulinganishwa na vilemba vya waumini wa dhehebu la Akorino. Nchini Tanzania huitwa lumbesa, na huko pia Wakala wa Vipimo umepambana nalo kwa miaka mingi. Majina ni mawili lakini hila ni moja: bei hupatanwa kwa gunia, kisha gunia likanenepeshwa.

Kenya haijakosa sheria za kukomesha hila hiyo. Mwaka 2005, serikali iliagiza kuwa gunia la viazi lisizidi kilo 110. Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, na chini yake zikachapishwa kanuni za viazi za mwaka 2019. Kanuni hizo zilishusha kipimo hadi kilo 50 na kuwataka wakulima na wafanyabiashara wa zao hilo wasajiliwe. Mawaziri wamepokezana Wizara ya Kilimo, na onyo dhidi ya magunia ya kilemba limetolewa tena na tena.

Hata hivyo, gunia hilo halijafa. Hufichwa kwa miezi michache kila operesheni inapotangazwa, kisha likarejea barabarani pindi maafisa wanaporudi ofisini.

Swali linalofaa kuulizwa basi si kwa nini madalali ni wajanja. Ujanja wa sokoni ulikuwepo kabla ya serikali yoyote. Swali ni kwa nini mkulima anayejua kuhesabu, na anayeona kwa macho yake mazao yakipakiwa kupita kipimo, hukubali kuyauza hivyo msimu baada ya msimu.

Jibu ni kwamba hana uwezo wa kusubiri, naye mnunuzi anajua hivyo. Mradi hali hiyo inadumu, sheria ya gunia itakuwa sawa na kumkataza mwenye njaa asikope kwa riba.

Hasara yenyewe si ndogo. Chukua mfano wa gunia linalouzwa shambani kwa Sh2,000. Likiwa na kilo 110, mkulima anapata takriban Sh18 kwa kilo. Likijazwa hadi kilo 180, bei hiyo hushuka hadi Sh11. Kilo 70 zimetoka bila malipo, na mkulima anayeuza magunia 40 kwa mtindo huo ametoa kilo 2,800. Kwa bei ile ya kwanza, hizo ni takriban Sh50,000 zilizobaki mfukoni mwa mtu mwingine.

Magunia ya kilo 150 au 180 si jambo la ajabu sokoni, na yapo yanayopita kilo 200. Anayeumia wa pili ni hamali anayeyabeba mgongoni katika masoko ya mijini. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka hatua zichukuliwe kupunguza mzigo wowote unaozidi kilo 55 kwa mwanamume mzima. Hamali wa viazi hubeba mara tatu ya uzito huo, na uti wake wa mgongo ndio unaolipa tofauti.

Jambo hili linagusa familia nyingi. Viazi ni zao la pili kwa umuhimu wa chakula nchini baada ya mahindi, na wengi wa wanaovikuza ni wenye mashamba madogo. Aidha, ni zao linalokomaa haraka, hivyo familia nyingi hulitegemea kupata pesa taslimu za karo, dawa na mbolea ya msimu unaofuata.

Sababu ya kwanza ya sheria kushindwa imo katika namna ada zinavyotozwa. Vijana wanaopakia lori hulipwa kwa gunia. Hamali wa sokoni hulipwa kwa gunia. Mwenye lori mara nyingi hutoza kwa gunia, na ushuru wa mazao unaokusanywa vizuizini na sokoni umekuwa ukitozwa kwa gunia vilevile.

Katika mpango huo, mfanyabiashara anayepakia tani tisa katika magunia 50 hulipa ada 50. Akitii kanuni na kuzipakia katika magunia ya kilo 50, atalipa ada 180. Serikali inayomwambia apunguze gunia ndiyo hiyo hiyo inayomwadhibu akipunguza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kaunti zingeweza kukomesha jambo hilo kwa uamuzi mmoja wa mabunge yao: kutoza ushuru kwa kilo. Lori likipimwa kwenye mizani na ushuru ukakokotolewa kwa uzito, gunia kubwa halitakuwa na faida yoyote mbele ya mtoza ushuru. Hatua hiyo haihitaji polisi wala vizuizi vipya. Inahitaji mizani inayofanya kazi na karani mwaminifu.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa mamlaka. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, sera ya kilimo imo mikononi mwa serikali kuu, ilhali ukuzaji wa mimea, masoko na usimamizi wa biashara ya haki ni majukumu ya kaunti. Kanuni za viazi zimetungwa Nairobi lakini gunia hujazwa Kinangop. Panapotokea uzembe, kila upande hupata mahali pa kunyooshea kidole.

Isitoshe, kaunti moja ikikaza kamba peke yake huwaumiza wakulima wake yenyewe. Dalali anayekatazwa mukorino Nyandarua hugeuza lori akaelekea Narok au Elgeyo-Marakwet, ambako huenda msimamizi amelala. Viazi vya aliyetii sheria hubaki shambani, na jirani aliyeivunja huuza. Baada ya wiki mbili, mtiifu naye huomba arudishiwe gunia lake la kilemba.

Lakini hata kama ada zingerekebishwa na kaunti zote zikashikana, ingebaki sababu ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Inatokana na maumbile ya zao lenyewe.

Punje ya mahindi hukaushwa hadi unyevu wake ufike asilimia 13.5, kisha ikahifadhiwa ghalani kwa miezi mingi. Kiazi ni kiumbe kingine kabisa. Takriban asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Baada ya kuchimbwa huendelea kupumua, kutoa joto na kupoteza uzito. Kikirundikwa pasipo hewa huoza, kikiachwa kwenye mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu, na kikikaa kwenye joto huchipuka.

Hata miongoni mwa mazao ya chini ya ardhi, kiazi ndicho chenye haraka. Mkulima wa mihogo wa Pwani anaweza kuuacha muhogo udongoni kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, akachimba mashina mawili leo na matatu wiki ijayo kulingana na mahitaji. Mama wa Magharibi mwa Kenya huchimba viazi vitamu kidogo kidogo na kuacha vingine viendelee kunenepa. Kwao ardhi ni ghala lisilolipishwa kodi.

Wakulima wa viazi mviringo hujaribu kufanya vivyo hivyo. Bei inapokuwa mbaya, wengi hukata majani na kuacha viazi ardhini wakingoja soko lipande. Ni kamari yenye mwisho mfupi. Nondo wa viazi hutaga mayai, mvua ikirudi viazi huanza kuoza, na shamba lenyewe linahitajika kwa upanzi. Baada ya wiki chache, mkulima huyo huchimba kwa pupa na kuuza kwa bei aliyokuwa ameikataa.

Ni vyema kukumbuka kuwa tatizo hili ni la kale kama zao lenyewe. Wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, waliokuwa wa kwanza kulima viazi maelfu ya miaka iliyopita, walivianika kwenye baridi kali ya usiku, wakavikanyaga ili kukamua maji na kuvikausha juani. Chakula hicho kiitwacho chuño kiliweza kukaa kwa miaka. Viazi vilipoletwa Kenya katika miaka ya 1880, vilikuja vyenyewe. Ujuzi wa kuvihifadhi haukuandamana navyo.

Pengo hilo limefanywa kuwa pana zaidi na aina ya kiazi kilichotawala mashamba. Shangi ilienea kutoka mkulima hadi mkulima kabla ya watafiti kuitambua, na ikaidhinishwa rasmi mwaka 2015. Leo ndiyo inayopatikana karibu kila soko nchini.

Kuna sababu nzuri ya umaarufu huo. Shangi hukomaa kwa takriban miezi mitatu, huzaa vizuri, huiva haraka jikoni na kuokoa makaa, na inafaa kwa vibanzi na kwa mukimo pia. Mlaji anaitaka, na mfanyabiashara hununua kile kinachotakiwa na mlaji.

Lakini Shangi ina tabia moja inayomgharimu aliyeilima. Hulala kwa muda mfupi mno. Katika kipindi kisichozidi wiki chache baada ya kuchimbwa, macho yake huanza kutoa machipukizi. Kwa mkulima anayetaka kupanda tena upesi, hiyo ni neema. Kwa anayetaka kungoja bei ipande, ni saa inayohesabu dhidi yake.

Hapa ndipo hesabu ya dalali inapokamilika. Anajua kuwa mvua za masika huleta mavuno ya kati ya Juni na Agosti, na zile za vuli huleta mavuno ya mwanzoni mwa mwaka, wakati shule zinafunguliwa. Anajua kuwa maelfu ya mashamba yanachimbwa wiki hizo hizo, kwamba viazi hivyo havitangoja, na kwamba mwenye shamba ana barua ya karo mezani. Hahitaji kumtisha mtu. Kinachohitajika ni kuondoka na kuahidi kurudi wiki ijayo.

Waswahili husema subira huvuta heri. Kwa mkulima wa viazi, methali hiyo ina sharti lisilotajwa: subira yataka ghala.

Haki inadai pia upande wa pili usikilizwe. Dalali ndiye anayejua ni soko gani la Nairobi au Mombasa lina upungufu asubuhi ya leo. Ndiye anayelipa pesa taslimu shambani, na ndiye anayepata hasara lori linapokwama matopeni na viazi vikaanza kutoa jasho. Wakulima waliojaribu kupeleka mzigo sokoni wenyewe, pasipo kujua mtu, wanafahamu jinsi ilivyo rahisi kurudi nyumbani na deni la nauli.

Kwa hiyo wazo la kuwafukuza madalali wote ni la majukwaani. Anayetaka kumwondoa dalali sharti aseme nani atafanya kazi yake kesho asubuhi. Linalowezekana ni kumfanya afanye kazi hiyo akiwa mbele ya mkulima anayeweza kusema hapana.

Uwezo wa kusema hapana huanzia kwenye mbegu. Ni sehemu ndogo sana ya viazi vinavyopandwa nchini, isiyofika asilimia tano kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, inayotokana na mbegu zilizoidhinishwa. Wengine wote hupanda viazi vidogo vilivyobaki baada ya vikubwa kuuzwa, au hununua kwa jirani. Ekari moja huhitaji takriban magunia 16 ya kilo 50 ya mbegu, na gharama hiyo peke yake humtoa jasho mwenye shamba dogo.

Matokeo yake ni kwamba magonjwa hupandwa pamoja na zao. Mnyauko unaosababishwa na bakteria husafiri ndani ya mbegu na kukaa udongoni. Virusi hujilimbikiza kila msimu na kupunguza mavuno kimyakimya. Ndiyo maana wastani wa mavuno nchini umekuwa ukizungukia tani 8 hadi 10 kwa hekta, ilhali nchi kama Uholanzi huvuna zaidi ya tani 40.

Mwaka 2015, watafiti walitangaza kupata nchini minyoo midogo ya udongoni ambayo hushambulia mizizi ya viazi na kuacha mayai ndani ya vifuko vigumu vinavyodumu kwa miaka mingi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa imeenea katika maeneo mengi ya viazi. Wakulima ambao ardhi yao imechoka hushawishika kutafuta udongo mpya ulio safi, na mara nyingi udongo huo uko msituni.

Hivyo basi, mzozo wa gunia la Nyandarua una mkono mrefu unaofika hadi kwenye misitu inayolisha mito ya nchi. Mkulima anayepunjwa theluthi ya mazao yake hana pesa za mbegu safi. Asipopanda mbegu safi, shamba huchafuka. Shamba likichafuka, humlazimu alime eneo kubwa zaidi ili apate mapato yale yale.

Ipo hatari nyingine katika kutegemea aina moja ya kiazi. Nchini Ireland, mamilioni ya maskini walikuwa wameishi kwa kiazi kimoja kilichoitwa Lumper wakati ugonjwa wa ukungu ulipoingia mwaka 1845. Kufikia mwaka 1852, takriban watu milioni moja walikuwa wamekufa na wengine wasiopungua milioni moja wameihama nchi. Kenya ya leo si Ireland ya wakati ule. Ina mahindi, maharagwe na dawa za kunyunyiza. Lakini ugonjwa ni ule ule, na kila mkulima wa Shangi huujua kwa harufu ya majani yanayooza baada ya juma la mvua na baridi.

Ni kweli kwamba kazi imekuwa ikifanywa. Kituo cha utafiti cha Tigoni, Limuru, kimezalisha aina mbalimbali za viazi. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, hukuza mbegu huko Molo, na kampuni kadhaa za kibinafsi zimejiunga na biashara hiyo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima, Peru, kimehimiza matumizi ya miche inayooteshwa kutoka vikonyo vya mimea safi, njia inayoharakisha upatikanaji wa mbegu. Mwaka 2022, watafiti wakiwemo wa kituo cha ICIPE jijini Nairobi walichapisha matokeo ya majaribio ya kufunga mbegu kwa karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba na kutiwa dawa kidogo, ili kuikinga dhidi ya minyoo hiyo.

Kinachokosekana ni daraja kati ya maarifa hayo na mkulima ambaye msimu uliopita aliuza kilo 180 kwa bei ya 110.

Kisa cha Januari 2022 kilifichua pengo hilo mbele ya taifa zima. Mikahawa ya KFC, iliyoingia nchini mwaka 2011, iliishiwa na vibanzi kwa sababu meli zilizobeba viazi kutoka ng'ambo zilikuwa zimechelewa kutokana na vurugu za usafiri zilizoletwa na janga la Covid-19. Wakenya walighadhabika na kutaka mikahawa hiyo isusiwe. Iweje kampuni iagize viazi kwa meli katika nchi ambayo viazi huoza mashambani?

Kampuni hiyo ilieleza kuwa wauzaji wake sharti wapitishwe katika utaratibu wa ubora unaotumika duniani kote. Hasira za umma zilikuwa na msingi, na shinikizo hilo lilisaidia kuanzisha mazungumzo na wauzaji wa hapa nchini. Hata hivyo, maelezo yale yalikuwa na funzo lisilopendeza.

Kiwanda cha vibanzi hakinunui viazi tu. Hununua viazi vya ukubwa uliokubaliwa, vyenye sukari kidogo ili visiwe vyeusi vikikaangwa, vya aina moja, wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nchi isiyoweza kuhifadhi viazi kwa miezi mitatu haiwezi kumwahidi mtu viazi kwa miezi 12. Kukosa ghala hakumwumizi mkulima mbele ya dalali pekee. Humfungia pia mlango wa mnunuzi mwingine ambaye angempa bei ya mkataba.

Je, ni lipi la kufanywa? Jibu linalopendwa na wanasiasa ni maghala makubwa ya baridi. Yana nafasi yake, lakini yasigeuzwe kuwa dawa ya kila ugonjwa. Ghala la baridi hula umeme usiku na mchana. Aidha, viazi vikiwekwa kwenye baridi kali mno, wanga wake hugeuka sukari na vibanzi vyake huwa vyeusi na vitamu. Anayekula kiazi nyumbani, anayekaanga vibanzi na anayetaka mbegu huhitaji nyuzi tofauti za joto. Jengo likijengwa pasipo mtaalamu wa kulisimamia wala ushirika wa kulijaza, litakatiwa utepe leo na kugeuka makao ya popo kesho.

Kwa wakulima wengi, hatua ya kwanza ni ya chini zaidi. Nyanda za juu zina baridi ya asili. Banda lenye giza, lenye sakafu iliyoinuliwa na kuta zinazopitisha hewa ya usiku, linaweza kuongeza wiki kadhaa kwenye uhai wa viazi vilivyokomaa na kuchimbwa bila majeraha. Wiki kadhaa zaweza kuonekana kidogo kwa mtu wa mjini. Kwa mkulima, ni tofauti kati ya kuuza siku ambayo kila jirani anauza na kuuza baada ya malori kupungua na bei kupanda.

Hatua ya pili ni aina ya kiazi. Mkulima hatalima aina inayolala kwa muda mrefu iwapo soko linalipa Shangi pekee. Hapa taasisi za umma zinaweza kuongoza kwa mfano. Shule za bweni, hospitali na kambi za vikosi hununua viazi kila wiki. Zikianza kununua kwa kilo, zikitaja aina zaidi ya moja na kulipa kwa wakati, zitafanya kazi kubwa kuliko mikutano kumi ya uhamasisho.

Hatua ya tatu ni mkopo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 ililenga kumwezesha mkulima kuweka mazao ghalani, kupata hati na kuitumia kama dhamana ya mkopo huku akingoja bei. Mpango huo unaelekea zaidi kwenye nafaka, ambazo huhifadhika kwa urahisi. Mkulima wa viazi bado hana hati ya kumwonyesha mwenye benki. Ushirika imara, unaokusanya mazao ya wanachama na kutoa malipo ya awali wakati wa karo, ungeziba sehemu ya pengo hilo. Wakulima wa kahawa na maziwa wanajua mema na maovu ya vyama vya ushirika, na uzoefu wao usipuuzwe: mizani iwe wazi, na vitabu vikaguliwe.

Hatua ya nne ndiyo rahisi na ndiyo inayopaswa kutangulia: mizani. Kila kituo cha kupakia viazi kiwe na mizani iliyokaguliwa, na bei itajwe kwa kilo. Mnunuzi wa nyama hulipa kwa kilo, muuza sukari hupima kwa kilo, na kiwanda cha chai hupima majani ya mkulima kwa kilo. Hakuna sababu ya kiazi kuendelea kuuzwa kwa kukisia urefu wa kilemba.

Wapo watakaosema kuwa bei ya haki shambani itapandisha bei ya sahani ya vibanzi mjini. Hofu hiyo ina uzito kwa mlaji wa Kayole au Kisauni. Lakini mlaji huyo hanunui kwa gunia la kilo 180. Hununua kwa mkebe au kwa ndoo, baada ya viazi kupita mikononi mwa watu kadhaa. Hakuna ushahidi kuwa kilo alizotoa mkulima bila malipo humfikia mlaji kama zawadi. Nyingi huishia njiani, pamoja na zile zinazooza kwa kubanwa ndani ya gunia lililojazwa kupita kiasi.

Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2008 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Viazi, na tangu 2024 Mei 30 huadhimishwa kama Siku ya Kimataifa ya Viazi. Siku hizo huwa na hotuba nzuri kuhusu zao linaloweza kulisha dunia. Hotuba zinazofaa kusikika Kenya ni zile za kueleza ni kaunti ngapi zimeanza kutoza ushuru kwa kilo, ni mabanda mangapi yamejengwa, na ni mkulima wa wangapi anayepanda mbegu safi.

Kanuni za mwaka 2019 hazikuwa kosa. Kilo 50 ni kipimo cha haki kwa mkulima na kwa mgongo wa hamali. Kosa ni kudhani kuwa karatasi ya sheria inaweza kusimama mahali pa ghala, mizani na mbegu, na kumwachia mkulima kazi ya kumkatalia mnunuzi pekee aliyefika shambani kwake.

Shule zitafunguliwa tena Januari, na malori yatasimama tena kando ya zile barabara za matope. Dalali atataja bei yake na kutishia kuondoka. Mkulima mwenye banda nyuma ya nyumba, mizani kwenye kituo cha ushirika na malipo ya awali ya kumtosha karo anaweza kumwacha aende zake. Asiye navyo atatazama viazi alivyochimba, ahesabu siku zilizobaki kabla havijachipuka, kisha ainame na kushika upande mmoja wa gunia ili lijazwe.